Jani Lisilolowa

Thermos ilikuwa ya kijani, mfuniko wake umebanwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na tangu ilipowekwa mezani hakuna mkono uliosogea karibu nayo. Hiyo ilikuwa matangani kwa tonton Kakule, mume wa mama yangu mdogo, Butembo, kwenye ua wenye uzio wa mbao ninaoujua kuliko nyumba nyingi nilizolala baadaye. Chai ilikuwa imepita, fufu na maharagwe yalikuwa yamepita, na watu walikuwa wanamsifu marehemu kwa sauti ya walioshiba. Ndipo akaingia mama mmoja mwembamba, mzee kidogo, vumbi la barabara ya Beni bado liko miguuni, akasalimu, akaweka thermos yake katikati ya sahani, akakaa kwenye benchi. Benchi lile lilikuwa limejaa. Mama wa kwanza akakumbuka kwamba ana sufuria motoni, wa pili akamfuata kumsaidia, wengine hawakutafuta hata sababu. Kufumba na kufumbua yule mgeni, Mama Noela, alikuwa amebaki peke yake, mikono juu ya magoti. Wakubwa walimjua, vijana walinong'onezwa. Mimi ndiye niliyempa habari ya kifo, sokoni Beni, nikinywa uji wake kabla ya kufungua duka, na wala sikumwambia aje. Aliuliza tu, "Mama Kasoki iko na nani sasa?" Nikamjibu kwamba mjane yuko na watoto wake, nikalipa uji, nikaenda zangu.

Mimi si mwepesi wa kulia matangani, na ndugu zangu wananisema kwa hilo. Ninauza maturubai na makoti ya mvua. Mteja akitaka kujua kama koti ni zima, ninachovya kidole kwenye maji na kuangusha tone juu yake. Tone likiruka na kukimbia, namwambia lipa uende. Likilala, namwambia ukweli, na mteja anahamia duka la jirani. Watu wanadhani ni mbinu ya biashara. Nilijifunza hivyo mwaka mmoja wa ujana wangu, katika nyumba hii, kwa binti aliyekuwa sasa amekaa upande wa pili wa ua, mtu mzima mwenye miwani, akimshika mama yake mkono. Ni Kasoki, mtoto wa marehemu. Muda wote ule hakuitupia thermos jicho hata mara moja, na mimi niliyemjua nilianza kuogopa.

Ya kwetu Beni sitaeleza. Itoshe kusema kwamba mwaka ule watu wa huko walianza kuyaogopa mashamba yao wenyewe, shule yetu ikafungwa, nami nikapandishwa kwenye lori lililokuwa linarudi tupu Butembo kupakia kabichi. Nilikuwa na miaka kumi na saba na hasira nyingi. Tantine Kahindo, mdogo wa mama yangu, alinipokea mlangoni na unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko. "Umekonda hivi! Kule Beni banakulishaka baruti?" akasema, na kabla sijajibu nilikuwa nimeshawekwa mbele ya sahani. Nyumba ilikuwa ya mbao, baridi asubuhi, moshi jioni. Chumba nilicholala na Kasoki kilitenganishwa na sebule kwa mbao zilizokauka zikaachana, kwa hiyo mazungumzo ya wakubwa yalitufikia yote, pamoja na harufu ya chakula chao. Jumapili tulikula samaki kutoka Kyavinyonge, na siku nyingine zote tulikula shu, maana ndivyo tunavyoiita kabichi, na tonton alikuwa mlimaji wa shu. Nilikula shu mwaka ule mpaka nikaanza kuiota.

Tonton Kakule alikuwa mtu wa maneno machache na mikono safi. Shamba lake lilishuka mlimani nyuma ya nyumba hadi kwenye chemchemi, na chemchemi ilizungukwa na magimbi yenye majani makubwa kama sinia. Ng'ambo ya maji hayo, hatua chache tu, ilikuwa nyumba ya Mama Noela. Alikuwa mjane. Alitoka upande wa Manguredjipa pamoja na mumewe, mume akafa, binti yake Noela akaolewa mbali, naye akabaki kwenye mlima ambao hakuna mtu aliyemjua mama yake wala nyanya yake. Kati yake na tonton kulikuwa na neno la mpaka, kuhusu njia ya kwenda majini ipite upande gani. Wakikutana walisalimiana vizuri sana, kwa ukamilifu uliotia baridi.

Kasoki alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, mchepuo wa bio-chimie, na alikuwa na lenzi aliyoazimwa na mwalimu wake. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia mlima, alinikokota hadi magimbini kunionyesha matone. Alichovya vidole majini, akarusha juu ya jani, na matone yakaruka. Sikuwahi kuona. Nimekula majani na kuosha majani maisha yangu yote, sijawahi kuangalia tone linavyogonga jani, linatandazika kidogo, linajikusanya, linaruka tena juu, mara mbili, mara tatu, halafu linabiringika na kuliacha jani kavu kabisa. Akaniwekea lenzi jichoni. "Unaona? Jani haiko laini. Iko na bipele, bidogo sana, na juu ya bipele kuna kitu kama nta. Tone inakaa juu ya bipele, chini yake kuna hewa. Jani yenyewe haiguse. Njo maana inaruka." Nilimwuliza faida yake ni nini. Akacheka, akasema faida yake ni kwamba mimi nimenyamaza kidogo leo, mara ya kwanza tangu nifike.

Lakini watu wa mlima ule walijua faida yake kabla ya shule kujengwa. Hakuna aliyebeba kikombe kwenda shambani. Ukiona kiu, unakata jani la gimbi, unalikunja kama faneli, unachota, unanywa, unalitupa. Jani halilowi, kwa hiyo ni safi. Halishiki matope, halishiki majivu, halishiki kitu. Mtoto akiuliza kama lioshwe, anachekwa. Desturi ya pili ya mlima ule ni ya mikono ya watu, na iko kila mahali kwetu: ukimpa mtu kinywaji, unaonja wewe kwanza mbele ya macho yake, ndipo unampa. Ukisahau, mgeni atasubiri na kikombe mkononi, akiongea habari za mvua, mpaka ukumbuke. Hakuna anayelitaja neno sumu. Tunaonja tu, na maongezi yanaendelea.

Kisha viwavi wakaingia kwenye shu. Mwenye lori alikataa mzigo mzima, akasema Beni haitaki shu yenye matundu, na tonton akarudi nayo nyumbani tukaila sisi na matundu yake. Alinunua dawa, akajifunga pompi ya kupulizia mgongoni, akapuliza. Nilikuwa naye shambani siku ile ya kwanza na niliona lile lile nililoonyeshwa magimbini: matone ya dawa yaligonga jani la shu, yakaruka, yakaanguka udongoni. Jani lilibaki kavu na kiwavi juu yake akiendelea kula. Tonton alisimama akiangalia. "Dawa inanikimbia," akasema. Jioni tuliwasikia kupitia mbao. Tantine akasema hiyo dawa inanuka hadi kwenye fufu. Tonton akajibu kwa utulivu wake, "Kama nusu inaanguka chini, donc ninatia mara mbili. Ni hesabu tu." Kasoki aligeuka kitandani akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hesabu hiyo ina kasoro, lakini baba yake si mtu wa kusahihishwa kupitia ukutani.

Kwa hiyo alitia vifuniko viwili vya chupa badala ya kimoja. Viwavi walipungua kidogo tu. Baadaye akaja kijana wa duka la dawa za kilimo, mwenye viatu visivyofaa kwa mlima, akaangalia matone yakiruka, akasema jambo la kweli kabisa: tia sabuni ya unga kidogo ndani ya pompi, dawa itashika. Tonton alimshukuru, akampa shu mbili. Kasoki alifurahi kuliko wote. Jioni hiyo alinifanyia jaribio jikoni, huku Tantine akitufokea kwamba maharagwe yanaungua. Jani moja la gimbi, maji matupu: tone likaruka. Jani lile lile, maji ya beseni la kufulia: tone likaanguka, likatandazika, likalala. Hata alipoliinamisha jani halikutoka. "Sabuni inakataza tone kujikaza," akasema. "Inaingia katikati ya bipele, inashika." Tantine alichungulia, akasema ni vizuri, sasa tushike na sisi mwiko. Tukacheka. Nakumbuka tulicheka sana, na ile harufu ya maharagwe yaliyoshika chini.

Kilichotokea baada ya hapo ni kidogo mno hata sijui nikiite nini. Sabuni ilitiwa, matone yakaacha kuruka, na kifuniko cha pili kikabaki. Hakuna aliyekumbuka kwamba kile cha pili kiliongezwa kwa sababu dawa ilikuwa inakimbia. Sasa haikukimbia tena, ilishika yote, mara mbili, na shu zikawa nzuri bila tundu hata moja. Mwenye lori alizishika kwa mikono miwili na kusema hizi sasa ni shu. Tonton alianza kutabasamu mezani. Wiki zile zile nyuki walikuwa wanakufa juu ya maua ya sukuma yaliyoachwa kando ya shamba, na vyura wa chemchemini, waliokuwa wanatupigia kelele kila jioni, wakanyamaza. Tantine alisema afadhali, sasa tutalala. Mimi sikulala vizuri. Ukimya ule ulikuwa unanisikiliza, ndivyo nilivyohisi.

Mama Noela alikuja siku moja amebeba kuku aliyekufa, amemshika miguu. Hakuingia ndani, alisimama uani na sisi tukasikia yote kupitia mbao.

"Kakule, kuku yangu ilikufa. Upepo inaleta dawa yako mpaka kwa source, kwa maji yetu."

"Mama Noela, kuku inakufaka."

"Ata vyura bilikufa. Mi hapana kuja kugombana. Ninasema tu, pale kwa maji, usipulize pale."

"Ah, donc tumerudia ile habari ya mupaka."

Mama Noela akasema si ya mpaka. Tonton akasema ya mpaka ilishaamuliwa mbele ya chef wa mtaa. Mama Noela akaondoka na kuku wake. Majirani wawili waliokuwa barabarani walisimama kusikiliza, na kesho yake mlima mzima ulijua kwamba Mama Noela amekuja kwa Kakule na mzoga mkononi akasema maneno. Maneno gani, kila mtu alikuwa na yake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tonton alipuliza alfajiri, mpaka mistari ya mwisho iliyopakana na magimbi, na kulikuwa na upepo. Sisi tulishuka jua lilipokuwa limeshapanda, kupalilia vitunguu. Tulipopita karibu na nyumba yake Mama Noela alitoka mlangoni na sufuria. Ugomvi wa wakubwa haukuwa umemgusa Kasoki. Mama yule alimpenda kwa sababu alikuwa na umri wa Noela wakati alipoolewa. "Kasoki, kuya kunywa uji, shamba haikimbie." Akammiminia kikombe kutoka kwenye sufuria, akampa moja kwa moja kupitia uzio. "Kunywa polepole, iko moto." Hakuonja. Mtu haonji kwanza anapompa mtoto wake. Mimi sikutaka, wakati ule niliudharau uji wa mtama, niliuona chakula cha wazee. Mama mmoja aliyepita na mzigo wa kuni alitusalimu, akatazama kikombe, akaendelea na njia yake.

Tulipalilia hadi adhuhuri. Jua la Butembo si kali lakini siku ile lilikuwa limekaa mgongoni, na Kasoki alikuwa amebeba majani ya kutandaza kutoka juu hadi chini mara nyingi. Tulishuka majini. Alikata jani, nami nikakata la kwangu. Nilichota kidogo, nikazungusha, nikamwaga, kwa mchezo tu, nione matone yakikimbia. Hayakukimbia. Maji yalitandazika juu ya jani zima na kukaa, jani likawa limelowa, jeusi, kama majani ya kawaida. Nikasema, "Kasoki, angalia, hairuke." Alikuwa ameshainamisha kichwa. "Iko na bumbi tu," akasema bila kuangalia, akanywa, akachota tena, akanywa. Mimi nilionja, nikahisi ukali kwenye ulimi, nikatema, ingawa kidogo nilikuwa nimeshameza. Nikalitupa jani. Yeye alikunywa mara ya tatu, akafuta mdomo, akanitania kwamba watu wa Beni wanataka maji ya chupa.

Alianza kutoka jasho tukiwa tunapanda. Halafu mate, mengi, yakimtoka bila kukoma, na miguu ikamkataa. Nilipomwangalia machoni mboni zake zilikuwa zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Wanaume waliokuwa wanachimba mtaro walimbeba hadi nyumbani. Nilipofika nyuma yao mikono yangu ilikuwa inatetemeka, mate yananijaa mdomoni, na ua ulikuwa umeshajaa watu. Sijui habari hukimbia na miguu gani. Kasoki alikuwa amelazwa kwenye mkeka, Tantine amepiga magoti akimfuta uso, akilia bila sauti. Na swali lilikuwa limeshaulizwa.

"Alikunywa wapi?"

"Kwa Mama Noela. Niliona na macho yangu," akasema yule mama wa kuni.

"Alionja?"

"Hapana. Hakuonja."

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo linalonirudia hadi leo, jinsi lilivyopokelewa kwa utulivu, watu wakitikisa vichwa kana kwamba wamesomewa tangazo walilolingoja. Mtu mmoja akasema waende kumwita mama wa ng'ambo ya mlima, yule anayetapisha watu kwa majani. Tonton, aliyekuwa amesimama kama mti, akataja hospitali, wakamzuia wote kwa pamoja: hospitali haijui sumu ya watu, na aliyepewa sumu akichomwa sindano anakufa palepale. Kila mmoja alikuwa na mfano wake. Kasoki alikuwa anapumua kwa mkoromo, na walikuwa wanapanga nani aende kwa mguu.

Nikasema. Nilikuwa mgeni na mtoto, lakini nikasema. "Tantine, mi pia ninatetemeka. Na mi hapana kunywa uji. Tulikunywa maji. Kwa jani." Wakaniangalia. Mzee mmoja akasema kwa upole, "Jani haishikake kitu, mutoto wangu." Mwingine akasema sumu imenipanda kichwani kwa kumshika mwenzangu. Basi nikakimbia nyuma ya jiko, ambako kulikuwa na gimbi moja ambalo pompi haikulifikia, nikakata jani, nikarudi nalo pamoja na kikombe cha maji, na nikavuta beseni la kufulia kwa mguu. Nilipiga magoti mbele ya tonton, kwa sababu alikuwa wa pekee ambaye angeelewa. Nikaangusha tone la maji. Likaruka, likakimbia. Nikachovya kidole kwenye povu, nikaangusha. Likalala. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka hivi kwamba jani zima lilikuwa linacheza, na tone lile halikutoka. "Tonton, ni sabuni. Ni sabuni ya pompe."

Pompi ilikuwa pale pale, imeegemezwa kwenye uzio ikaushwe. Tonton aliangalia jani. Akachuchumaa, akaligusa lile tone kwa kidole, akakipeleka kidole puani ingawa lilikuwa povu la nguo tu. Niliona uso wake ukielewa. Sijui kusema vinginevyo: ulianza kwenye macho ukashuka hadi mdomoni, na mdomo ukafungwa. Alisimama, akasema waite moto, yaani pikipiki, na ya jirani ikaletwa. Watu wakapinga, wakamshika shati. "Ni mutoto wangu," akasema. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti, na mimi niliyekuwa chini niliona mfuniko mwekundu wa chupa ya dawa ukichungulia mfukoni. Kasoki akafungwa kwa kitenge katikati ya baba yake na dereva. Walipokuwa wanatoka langoni, kijana mmoja aliyekuwa ameshika panga la kukatia nyasi alisimama mbele ya pikipiki akauliza, "Kakule, tuambie. Ni yeye?" Tonton hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Aliangalia mbele, pikipiki ikapita, na ua mzima ukachukua jibu lililoutosha.

Tantine na mimi tulifuata kwa pikipiki nyingine. Hospitalini nilimkuta tonton kwenye kona ya ukumbi na daktari, chupa ikiwa kati yao, akiongea Kifaransa kwa sauti ya chini sana, ambayo Tantine, aliyekuwa bado anafunga kitenge chake mlangoni, hakuisikia. "C'est mon produit, docteur. C'est moi." Dawa ni yake, mwenye kosa ni yeye. Kasoki akachomwa sindano, ile ambayo ingemuua palepale, akachomwa tena, na mboni zake zikaanza kufunguka. Nami nilipewa yangu. Kabla giza halijaingia nilitoka nje kupata hewa na kumkuta tonton ameegemea ukuta, akiangalia mlima wetu ng'ambo ya bonde. Moshi ulikuwa unapanda pale, mweusi, mwingi kupita moshi wa jikoni. Nikasema, "Tonton, ile moshi..." Akasema, "Ninaona." Alikuwa na simu mfukoni. Nilingoja aitoe. Tulisimama pale pamoja mpaka moshi ukapungua, kisha akaniambia niingie ndani, kuna baridi.

Ilikuwa nyumba ya Mama Noela, waliyoichoma; mwenyewe alikuwa ameponea katikati ya vitunguu vyetu, akitambaa. Akashika njia ya Beni, mahali ambapo wengine wote walikuwa wanapakimbia. Kasoki alipona. Siku alipoweza kukaa nilimweleza yote, na sikuhitaji jani. Alifumba macho nilipofika kwenye neno sabuni. Alimwuliza baba yake wakiwa wawili, na aliponiita baadaye alikuwa amezeeka. "Papa ananiomba ninyamaze mpaka siku atakufa," akasema. "Nilimuambia sawa." Muda mfupi baadaye nilipandishwa juu ya lori la kabichi nikarudishwa Beni, na tonton alinipa mkono langoni bila kuniangalia. Nilisikia kwamba aling'oa magimbi yote ya chemchemini kwa jembe, akaacha shu, akapanda mikaratusi. Watu walisema ni uchungu wa mzazi. Kasoki alikwenda kusoma Kisangani na akawa mtu wa kupiga simu sikukuu. Tantine hakuambiwa kitu. Miaka yote hiyo, katika sala ya jioni, alikuwa akimtaja Mama Noela kwa jina ili Mungu amwone na amlipe alichofanya, na tonton alikuwa anaitikia amina.

Nilimkuta Mama Noela sokoni Beni baada ya mimi kufungua duka. Nilikaa kwenye kigoda chake nikamwambia ninayoyajua. Alikoroga uji muda mrefu. "Na baba Kasoki alijua?" akauliza. Nikasema ndiyo. Hakulaani. Alimimina kikombe, akaonja, akanipa, na tangu siku hiyo nikaanza kuupenda uji wa mtama.

Sasa, matangani, alinyanyuka kwenye benchi lake tupu. Akaifungua ile thermos ya kijani, mvuke ukatoka, akamimina kikombe kimoja. Ua mzima tuliusikia uji ukianguka. Akakiinua kikombe mdomoni aonje, kama inavyotakiwa, mbele ya macho ya wote waliokuwa wamekuja kuona kama ataonja. Ndipo Kasoki akauachia mkono wa mama yake, akavuka ua, akamshika kiganja kabla kikombe hakijafika mdomoni. "Hapana kuonja, mama," akasema. Akakichukua, akanywa, na koo lake likapanda na kushuka mbele yetu sote.

"Polepole," Mama Noela akasema. "Iko moto."

Kasoki alikunywa nusu. Akarudi hadi kwa mama yake na kikombe mikononi, akachuchumaa. Tantine Kahindo aliangalia uji, akamwangalia yule mwanamke, akaangalia kiti kilichowekwa picha ya mumewe na maua. Yeye si mjinga, hajawahi kuwa. Niliona akirudi nyuma, mwaka kwa mwaka, hadi jikoni kwake, kwenye jani na beseni la kufulia na maharagwe yaliyoungua.

"Papa yako alijua?" akauliza.

"Alijua, mama."

Tantine akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akakigeuza juu chini kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki.